Gunia la Viazi na Mche wa Mnavu

"Usiache mbachao kwa msala upitao" ni methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili huisikia kabla hajaanza shule, lakini wengi hawaielewi mpaka siku ile msala unapokuwa umekwisha kupita. Mama mmoja kijana wa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia, aliielewa katika usiku mmoja wa mvua, akiwa amempakata mwanawe mapajani na mavyaa wake ameketi kando yake, kimya, shuka imemfunika mpaka masikioni.

Nyumba yao iko katika njia itokayo Nchelenge kwenda Kashikishi, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni huliona Ziwa Mweru likimetameta baina ya miembe. Ziwa hilo lina eneo linalozidi kilomita za mraba 5,000, nalo ni mali ya nchi mbili. Pwani ya mashariki ni ya Zambia, na pwani ya magharibi ni ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini, na Mto Luvua hutoka kwa upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto. Wenyeji wa Nchelenge husema Kibemba na lugha nyingine za Luapula, lakini Kiswahili si kigeni kwao, kwa kuwa ndicho kisemwacho ng'ambo, na watu wa pwani walifika huko zamani sana. Mwaka 1867 David Livingstone alipofika katika mji wa Mwata Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara wa Kiswahili, Muhammad bin Salih, aliyekuwa amekwisha kukaa miaka mingi katika nchi hiyo.

Mavyaa naye alitoka ng'ambo. Alizaliwa karibu na Pweto, akaolewa Nchelenge angali msichana, na Kiswahili chake cha Kongo hakikumtoka hata alipokuwa bibi wa wajukuu tisa. Mkamwana wake, kwa upande mwingine, alizaliwa Kitwe katika mitaa ya wachimba shaba, akasoma huko, akazoea taa za umeme, maji ya bomba, na vibanda vya chipsi kando ya barabara. Alimpenda mumewe, akakubali kumfuata ziwani. Alimheshimu mavyaa pia. Alimwita "Mayo" kwa adabu, akampigia goti alipompa maji ya kunywa, wala hakupata hata siku moja kumjibu kwa sauti ya juu. Lakini heshima ni jambo moja, na imani ni jambo jingine. Moyoni mwake aliamini kwamba mambo mengi ya yule mzee yalikuwa mambo ya shamba, ya watu waliokosa nafasi ya kujua yaliyo bora.

Mojawapo ya mambo hayo lilikuwa mnavu.

Mnavu hauhitaji mpanzi. Ndege hula matunda yake na kuziangusha mbegu mahali popote penye rutuba, yaani jalalani, penye jivu, nyuma ya zizi la mbuzi, au baina ya matuta ya muhogo. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, mche huchipuka. Majani yake ni laini, ya kijani kilichoiva, na maua yake ni madogo meupe yenye ncha tano kama nyota, na katikati yake mna rangi ya manjano. Baadaye huzaa vishada vya matunda madogo mno, kwanza ya kijani, kisha meusi au ya rangi ya machungwa, kwa kadiri ya aina yake. Majani hayo, yakipikwa, ni mboga inayopendwa tangu Kameruni mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Wachaga huiita mnafu, Wakikuyu managu, na Wajaluo osuga.

Mwanzoni mwa Desemba mkamwana aliingia katika kipande cha shamba kilichoko nyuma ya nyumba akiwa na jembe, akitaka kumfurahisha mavyaa kwa kulipalilia. Alipalilia vizuri sana. Mavyaa aliporudi kutoka ziwani aliona matuta yamesafishwa yakapendeza, na kando yake fungu la mimea iliyong'olewa imelala juani, imenyauka.

"Mwanangu," akauliza polepole, "mnavu wangu uko wapi?"

"Ule, Mayo? Si lilikuwa gugu?"

"Gugu kwa nani?" akasema mavyaa. Hakuongeza neno. Aliinama akachambua katika lile fungu majani machache yaliyokuwa hayajafa, akayatia katika ncha ya kitenge chake, akaingia jikoni.

Ili msomaji aujue uzito wa jambo hilo hana budi kujua maana ya Desemba katika ziwa hilo. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia huufunga uvuvi katika maji mengi ya nchi, na Ziwa Mweru ni mojawapo, ili samaki wapate kuzaa bila ya kusumbuliwa. Sheria hiyo ni ya haki, na wavuvi wenyewe wanaijua faida yake. Hata hivyo miezi hiyo mitatu ndiyo miezi ya mvua, wakati ambapo ghala zimepungua na mahindi mapya hayajakomaa. Nyavu zimekunjwa, mitumbwi imepinduliwa mchangani, na fedha zilizopatikana Novemba zinahesabiwa kila jioni kama dawa. Muhogo upo, kwa maana Luapula ni nchi ya muhogo, na ubwali haukosekani. Kinachokosekana ni kitoweo. Katika miezi hiyo mboga ya jalalani si mzaha, kwani ndiyo inayougeuza ubwali mkavu kuwa mlo.

Mkamwana hakukaa bure kuitazama shida hiyo. Alikuwa mwanamke mwenye bidii na mwenye hesabu. Alimshauri mumewe watoe nusu ya fedha zilizobaki, wanunue gunia la viazi vya kizungu lililoletwa kwa lori kutoka mbali, kwa kuwa viazi hivyo hupenda baridi na havistawi vizuri katika joto la pwani ya Mweru. Angekaanga chipsi sokoni Kashikishi, kama alivyoona wanawake wa Kitwe wakifanya, na faida ingewavusha mpaka Machi. Mume alikubali. Mavyaa aliombwa rai yake, akasema tu, "Fedha ni zenu, wanangu, Mungu azibariki."

Siku za kwanza biashara ilikwenda. Kisha mvua ikashika. Barabara ikawa tope, na wateja, ambao wengi wao walikuwa wavuvi wenyewe, wakawa hawana fedha kama yeye alivyokuwa hana. Ili kuwavutia wapitao, mkamwana alivipanga viazi vyake mezani, mafungu mafungu, wazi kwa jua lililojitokeza baina ya mvua na mvua. Jioni alivirudisha, asubuhi alivipanga tena. Baada ya wiki mbili ngozi za viazi vingi zilianza kuingia rangi ya kijani, na machipukizi meupe yakatokeza katika macho yake. Mwenyewe aliiona ile rangi, lakini hakuitilia maanani. Alidhani ni dalili ya ubichi tu, kama embe lisiloiva.

Ikafika jioni ambayo hapakuwa na kitoweo cha aina yoyote. Mchana wa siku hiyo mavyaa alikuwa amepata mnavu kidogo katika jalala la jirani, akaupika, akala pamoja na mjukuu wake wa miaka sita aliyekuwa akimfuata kila mahali. Mkamwana hakuugusa. Jioni alichukua viazi, akachagua vile vilivyokuwa vibaya zaidi ili vizuri vibaki vya kuuza, akavichemsha pamoja na maganda yake asipoteze kitu. Mtoto alikuwa na njaa, akala wa kwanza, akamaliza sahani yake huku akilalamika kwamba vinawasha koo. Mama akamwambia ale, asichague chakula.

Mavyaa akaingia, akanawa mikono, akamega kipande na kutia mdomoni. Hakumeza. Alikitema katika kiganja, akainua sufuria, akaliweka nje ya mlango.

"Viazi hivi havifai," akasema. "Vina uchungu wa tunda bichi la mnavu. Nilipokuwa mtoto nilikula tunda lile kabla halijaiva, na uchungu wake haujatoka ulimini mwangu mpaka leo."

Hapo ndipo mkamwana, aliyechoka na mvua, na hasara, na hesabu zisizokubali, aliposema neno ambalo hakupata kulisema tangu aolewe. "Mayo, viazi hivi vimenunuliwa kwa fedha. Havikuokotwa jalalani."

Mume aliinamisha kichwa. Mavyaa hakujibu. Alikwenda kuketi mahali pake pa siku zote, na mvua ikaanza upya juu ya bati.

Kabla ya usiku wa manane mtoto aliamka akilia tumbo. Alitapika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaanza kuharisha, na kichwa kikamgonga hata akashindwa kukiinua. Baba alimtia mgongoni, wakatoka wote watatu nyuma yake gizani, mavyaa akiinua shuka juu ya mjukuu asilowe, mpaka kwenye zahanati ambako mganga wa zamu alikuwa macho.

Mganga alimpima mtoto, akaagiza apewe maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kidogo kidogo, bila ya kukoma. Kisha akauliza walichokula. Mkamwana hajafungua kinywa, mganga akamtazama yule mzee, akaona kitenge chake chenye madoa ya majani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata jibu, "Bibi, umempa mtoto majani gani ya porini?"

"Mnavu," akasema mavyaa. "Mchana."

"Ndiyo hayo," akasema mganga, akachukua kalamu.

Kukawa kimya. Palikuwa na njia nyepesi kabisa mbele ya mkamwana, nayo ilikuwa wazi kama mlango. Ilimtosha kunyamaza. Lawama ingekaa juu ya mnavu, na juu ya mzee aliyeupika. Gunia lingesalimika, na fedha pia, na lile neno alilolisema jioni lingegeuka kuwa kweli. Mavyaa mwenyewe hakujitetea. Alikuwa akiyatazama maji katika kikombe cha mtoto.

"Sivyo, bwana mganga," akasema mkamwana. "Bibi naye aliula mnavu huo, na hana neno. Mtoto alikula viazi vyangu jioni. Vilikuwa vya kijani, nikavipika na maganda. Bibi alinikataza."

Mganga aliiweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwungwana. Alimgeukia mzee akamwomba radhi, kisha akawaeleza jambo ambalo linastahili kujulikana katika kila nyumba yenye jiko.

Kiazi cha kizungu na mnavu ni ndugu. Si ndugu wa kusingiziwa, bali wa ukoo mmoja hasa. Wataalamu wa mimea wameiweka yote miwili katika jamii moja iitwayo Solanum, pamoja na biringanya, na nyanya, na ile nyanya chungu ambayo Wabemba huiita impwa na kuipenda sana. Ndiyo maana ua la kiazi na ua la mnavu hufanana kama watoto wa mama mmoja. Ukoo huo wote una desturi ya kujilinda kwa uchungu. Katika kiazi uchungu huo hutokana na sumu mbili, solanini na chakonini. Kiazi kilichohifadhiwa gizani kina kidogo mno, wala hakimdhuru mtu. Lakini kikiachwa kwenye mwanga, au kikijeruhiwa, au kikichipua, sumu huongezeka, hasa katika ganda, katika macho, na katika machipukizi. Rangi ya kijani yenyewe haina madhara, kwani ni rangi ile ile ya majani yote. Lakini ni tarishi anayeleta habari kwamba mwanga umekigusa kiazi, na kwamba yaelekea sumu nayo imezidi.

Kiasi cha miligramu 2 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili chaweza kumgonjesha mtu, na ni wazi basi kwamba mtoto huwahi kuumia kabla ya mtu mzima. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kukaanga nako hakutoshi. Kiazi chenye doa dogo la kijani chaweza kuokolewa kwa kukata sehemu hiyo pamoja na nyama ya kutosha na kumenya ganda lote kwa unene. Lakini kilichogeuka sehemu kubwa, au chenye ladha ya uchungu na kuwasha koo, ni cha kutupwa. Viazi huwekwa mahali pa giza, pakavu, penye hewa, ndani ya gunia au kapu lililofunikwa. Havianikwi juani kama dagaa.

Mkamwana alisikiliza yote hayo kwa mshangao. Ilikuwaje kitu kilicholetwa kwa lori kutoka mbali, kinacholiwa na wakubwa mahotelini, kiwe na asili moja na gugu la nyuma ya zizi? Hakujua kwamba kiazi chenyewe kilikuwa gugu hapo kale.

Nyumbani kwa kiazi ni katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na hasa katika nchi zilizo kandokando ya Ziwa Titicaca, ambalo kama Mweru limegawanywa na nchi mbili, Peru na Bolivia. Viazi mwitu vya huko vilikuwa vidogo na vichungu. Wenyeji hawakuvidharau. Walijifunza kuvila pamoja na udongo maalumu ambao hunasa uchungu usiingie mwilini. Na aina nyingine chungu wakaziacha nje zigande kwa baridi ya usiku, wakazikanyaga kwa miguu na kuziloweka majini, mpaka zikawa chakula kikavu kiwezacho kukaa miaka. Kwa maelfu ya miaka wakachagua mbegu zilizo bora, mpaka kikatokea kiazi kilichovukishwa bahari kwenda Ulaya katika karne ya 16.

Huko nako jamaa zake wa porini waliachwa nyuma bila ya kukumbukwa. Mwaka 1845 ukungu uliingia katika mashamba ya Ireland, ambako maskini walitegemea karibu aina moja tu ya kiazi, na katika miaka iliyofuata kiasi cha watu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Baadaye, katika karne ya 20, wataalamu walikwenda kutafuta nguvu ya kuupinga ukungu huo kwa kiazi mwitu cha Mexico, kile kichungu kisichouzwa sokoni, wakakichanganya na kiazi cha shamba. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971, mpaka leo huhifadhi viazi mwitu vingi kama mtu ahifadhivyo akiba ya siku mbaya.

Mavyaa, ambaye hakupata kusikia habari za Lima, alikuwa na elimu ya namna hiyo hiyo. Siku ya tatu, mtoto alipokuwa amekwisha kupona na kuanza kukimbizana na kuku, alimwita mkamwana waketi pamoja barazani, akamwambia, "Uchungu una adabu yake, mwanangu. Muhogo mchungu una maji yake. Tunauloweka siku nyingi ndipo tunaula. Mnavu una majani yake na wakati wake. Kila kitu kichungu kinamtaka mtu anayekijua. Kiazi chako kilipoanza uchungu hakukuwa na mtu wa kukijua, kwa sababu watu wamekizoea kitamu."

Palibaki suala la gunia. Zaidi ya nusu ya viazi vilivyosalia vilikuwa vimegeuka kijani. Jirani mmoja, mwenye kibanda cha kukaanga, alikuja akasema kwamba angevichukua vyote kwa bei ya chini. Mafuta ya moto na chumvi nyingi vingeificha ile ladha. Fedha alizozitaja zingerudisha robo ya hasara. Mume alimtazama mkewe, mkewe akawatazama watoto wa jirani waliokuwa wakicheza na mwanawe mchangani.

"Siviuzi," akasema.

Basi wakavichagua. Vizima vichache vikafungiwa gizani kwa ajili ya nyumba. Vilivyochipua mavyaa alisema vipandwe, kwa kuwa chipukizi lisilofaa kwa sufuria ndilo lifaalo kwa udongo. Vilivyooza vikafukiwa shimoni, mbali na kuku na mbuzi. Viazi vilivyopandwa havikuzaa sana. Nchi ni ya joto mno kwa viazi, na vilivyochimbwa baadaye havikujaza ndoo moja. Hasara ilikuwa hasara, na mwezi wa Januari nyumba hiyo ilikula ubwali kwa chumvi kwa siku ambazo mkamwana hatazisahau.

Lakini katika matuta yale yale yaliyopaliliwa Desemba, mbegu za mnavu zilikuwa zimelala udongoni zikingojea. Katikati ya Januari zikachipuka, nene kama nywele. Safari hii mkamwana alikwenda na mavyaa, si na jembe. Alionyeshwa kuchuma ncha changa pamoja na majani mawili matatu, akiacha shina lichipue tena, kwani mche mmoja unaochumwa hivyo huweza kulisha nyumba kwa wiki nyingi. Alionyeshwa kwamba majani machanga hupikwa kwa maji machache, na yaliyokomaa ambayo yana ukali huchemshwa kwanza na maji hayo kumwagwa, ingawa katika kumwaga hivyo sehemu ya vitamini nayo huenda na maji. Kisha hutiwa karanga zilizotwangwa na kuachwa zichemke taratibu mpaka mafuta yaelee juu. Ndiyo ifisashi ya Wabemba. Mboga hiyo ina vitamini A ya kulinda macho, ina madini ya chuma na ya chokaa, nayo humfaa hasa mama mjamzito na mtoto aliyeachishwa ziwa.

Alionyeshwa vile vile mipaka yake, kwa maana mavyaa hakuwa mtu wa kusifu bila ya kuonya. Tunda la kijani la mnavu haliliwi, na mtoto afundishwe hivyo mapema. Mche usiojulikana hauchumwi kwa kukisia, kwani ukoo huu una ndugu wabaya. Mmoja wao ni mnanaha, unaoota katika majalala yale yale, wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda yenye miiba, ambao sumu yake huweza kumtia mtu wazimu na hata kumwua. Tena mnavu wa kando ya barabara kuu au wa penye takataka za dawa za wadudu haufai kuchumwa, hata ukipendeza namna gani.

Wala mkamwana asidhani kwamba kila kiitwacho kiazi ni wa ukoo huo. Kiazi kitamu, ambacho Wabemba huita icumbu, ni wa jamii nyingine kabisa. Numbu ya watu wa Njombe na Songea nayo ni wa ukoo wa mrehani. Jina na damu ni vitu viwili mbalimbali. Kuna wanaoitana ndugu wasio ndugu, na kuna ndugu wa kweli waliokaa nyumba moja miaka mingi bila ya kujuana.

Dharau dhidi ya mboga hizi haikuwa ya mkamwana peke yake. Kwa miaka mingi watu wa mijini katika Afrika ya Mashariki waliziona kuwa chakula cha umaskini. Mambo yamebadilika kiasi. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango aliutumia utafiti wake wote kuzitetea mboga za asili, na managu sasa inauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Huko Arusha, Kituo cha Mboga cha Dunia hukusanya na kuboresha mbegu za mnavu na za nyanya chungu. Lakini kituo hakiwezi kuhifadhi kile kinachokaa katika mikono ya mzee mmoja wa Nchelenge. Hicho huhifadhiwa na mkamwana tu, akitaka.

Watu wa ziwa hilo wanajua jinsi kitu kinavyotoweka. Zamani samaki aitwaye mpumbu alipanda Mto Luapula kwa wingi usiokadirika wakati wa kuzaa, na watu wakamnasa kwa nyavu akiwa amejaa mayai, hata ilipofika miaka ya 1950 mavuno yake yakawa yamekwisha kuporomoka. Mavyaa alipokuwa mtoto wazee walimtaja mpumbu kama watu wamtajavyo jamaa aliyesafiri asirudi. Ndiyo sababu hata siku moja hakunung'unika Desemba ilipofungwa milango ya ziwa.

Tarehe 1 Machi mitumbwi iliingia majini kabla ya mapambazuko. Mume alirudi na pale wanene, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu moshi wa samaki ukapanda juu ya Kashikishi. Mkamwana alipika, akapakua. Alipomletea mavyaa sahani yake, akapiga goti kama ilivyo ada, mzee aliona pembeni mwa samaki fungu la mnavu uliotiwa karanga, ingawa siku hiyo hapakuwa na aliyelazimika kula mboga.

Mavyaa akamega, akaonja, akatafuna kwa muda.

"Umezidisha chumvi kidogo, mwanangu," akasema, akasogeza sahani katikati ili wale pamoja.